Pete iliyomrudisha Tolkien kwenye riwaya yake ya kwanza

Unaandika riwaya yako ya kwanza ya fantasia? Jifunze kwa J.R.R. Tolkien.

Kwenye The Hobbit ya mwaka 1937, Gollum anaahidi kumpa Bilbo pete yake akishindwa mchezo wa vitendawili. Hapo ilikuwa pete ya kumfanya mtu asionekane, basi.

Alipoandika mwendelezo wake, The Lord of the Rings, pete ikapata historia nzito: humteka anayeimiliki. Sasa Gollum angekubalije kuitoa?

Toleo la 1951 likarekebishwa: Gollum anaahidi kumwonyesha Bilbo njia tu. Na ile hadithi ya mwanzo? Kumbe Bilbo alidanganya!

Ukibadili historia ya kitu, pitia upya kila tukio linalokihusu.