Upapi: istilahi ya utepe wa bodi ya gari

Ule utepe mwembamba wa metali unaopita ubavuni mwa gari, chini ya madirisha, utausikia ukiitwa trimu, moldingi au kromu katika gereji za Kariobangi na za kando ya Jogoo Road, jijini Nairobi. Kwa Kiswahili, napendekeza tuuite upapi, wingi wake papi.

Neno hili maseremala wanalo tangu zamani. Kwao upapi ni kipande chembamba cha ubao kinachopigiliwa juu ya maungio ili kuyafunika. Kwenye gari nao hufunika maungio ya mabati na matundu, kisha ukapendeza.

Jina kromu halifai, kwa sababu kromu ni mpako tu, tena papi nyingi za magari ya zamani hazina mpako huo. Nyingine ni alumini, nyingine chuma kisichoshika kutu. Fundi asipojua tofauti ataharibu, kwa maana alumini ikishakunjika, mkunjo hautoki kwa urahisi. Neno pambo nalo halitoshi. Katika gari la paa la turubai, baadhi ya papi zinazozunguka nyuma ya viti hukaza ukingo wa turubai lenyewe, na anayezivuta kama mapambo atalichana.

Istilahi hii inahitaji pia vitenzi vyake. Gerejini husemwa kung'oa, na mara nyingi ndivyo inavyofanyika: bisibisi inaingizwa chini, rangi inachubuka, upapi unapinda. Kiswahili kina maneno yaliyo sahihi zaidi. Upapi wa gundi hubanduliwa: upashe joto la wastani, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake, ukikata gundi polepole. Upapi wa nati hufunguliwa: toa kwanza ubao wa ndani wa mlango, tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, ndipo ushike spana. Upapi wa klipu huchomolewa: bandika tepu ya karatasi juu ya rangi, tumia kabari ya mbao au plastiki, uinue klipu moja baada ya nyingine, wala usianze kwa kuvuta ncha.

Mfano mzuri wa gari lenye papi za klipu ni Volkswagen Beetle ya paa la turubai, iliyoundwa na Karmann huko Osnabrück, Ujerumani, kuanzia 1949 hadi 1980. Papi zake za ubavuni hushikwa na klipu zilizopenya matundu ya bodi. Maji yakipita humo, kutu huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo, kila upapi unapotoka, safisha tundu, lipake rangi ya kuzuia kutu, na uweke klipu mpya. Ziandike papi kwa namba na upande wake, kwa sababu ya kushoto haitakaa kulia.

Vijana wanaojifunza ufundi Eastlands wanastahili kufundishwa kazi hii kwa lugha wanayoizungumza wakiwa kazini. Kwa kamusi ya ufundi, basi, ningeandika hivi:

Upapi (papi): utepe wa metali, raba au plastiki unaofungwa juu ya bodi ya gari ili kufunika maungio, kukaza kitambaa cha paa au kupamba, hubanduliwa, hufunguliwa au huchomolewa kulingana na kinachoushikilia.