"Hayupo": Historia fupi ya jibu tupu

Wiki iliyopita nilikuwa nasafisha kabati, nikakuta sanduku la disketi za zamani. Moja nilikuwa nimeiandika kwa kalamu "MAZIWA 98". Nikaazima kile kifaa cha kusomea disketi kinachochomekwa kwa USB na, amini usiamini, faili zikafunguka. Ndani yake nikakutana uso kwa uso na kosa baya kuliko yote niliyowahi kufanya katika kazi hii ya kuandika programu. Lilihusu jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii hadi lituume: programu ifanye nini pale mtu anapotafuta kitu na kitu chenyewe hakipo?

Ili kulieleza vizuri itabidi nirudi nyuma kidogo, maana sikulianza mimi. Nililirithi.

Mwaka 1978 bwana mmoja kwa jina Wayne Ratliff, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya JPL kule California (wale wa vyombo vya angani), alitaka kushinda dau la mpira ofisini kwao. Ni ule mpira wao wa Marekani, si huu wetu. Alikuwa anakusanya takwimu za timu kutoka magazetini, zikamzidi. Pale JPL palikuwa na mfumo wa kutunza data ulioitwa JPLDIS kwenye kompyuta kubwa ya Univac, basi akaamua kuandika kitu cha namna hiyo kwa ajili ya kompyuta yake ya nyumbani, IMSAI 8080. Akakiita Vulcan. Mwaka 1980 George Tate na Hal Lashlee wakachukua kazi ya kukiuza na jina likabadilika kuwa dBASE II. Hakukuwahi kuwa na dBASE ya kwanza! Namba ile iliwekwa ili mnunuzi adhani bidhaa imeshakomaa. Biashara ni biashara.

Sasa tazama dBASE II ilivyojibu ulipotafuta jina lisilokuwepo. Uliandika FIND na jina, nayo ikakujibu kwa maneno mawili: NO FIND. Kwa ndani, namba ya rekodi uliyosimama ilikuwa sifuri. Programu yako ilitakiwa kuuliza, "je, niko kwenye rekodi sifuri?" Kama ndiyo, mtu hayupo. Ilipokuja dBASE III mwaka 1984 utaratibu ukabadilika: utafutaji ukishindwa unatupwa mwisho wa faili, baada ya rekodi ya mwisho, na unapima kwa EOF(). Toleo la dBASE III Plus lililofuata ndilo lililoleta swali lenyewe kwa jina lake: FOUND(). Umepata au hukupata?

Kwa macho ya leo unaweza kusema ni kitu kidogo. Lakini ona tofauti iliyopo. EOF() inakuambia umesimama wapi. FOUND() inakuambia kama ulichokitafuta umekipata. Kwa miaka mingi majibu hayo mawili yalikwenda pamoja kama pacha, na waandishi wa programu tukazoea kutumia lolote lililokuja mkononi.

Na hata hiyo "hukupata" ilikuwa na uongo wake. Faili za dBASE za wakati ule zilikaa mbali na fahirisi zake. Mtu akiongeza rekodi bila kuifungua fahirisi, rekodi ilikuwepo kwenye faili lakini fahirisi haikuijua, na SEEK ikaapa kwamba hakuna kitu. Nimeona karani akitolewa jasho kwa sababu hiyo. Jina analiona kabisa akishuka ukurasa kwa ukurasa, akilitafuta anaambiwa halipo! Dawa ilikuwa REINDEX, na ofisi nyingi ziliifanya kila asubuhi kama kufagia. Tena kulikuwa na rekodi zilizowekewa alama ya kufutwa. Hazikuondoka kweli hadi uamuru PACK. Ukiwa umewasha SET DELETED zilijificha, ukiizima zinafufuka. Kwa hiyo "hayupo" iliweza kuwa hayupo kweli, au yupo lakini fahirisi imelala, au yupo na amefutwa nusu, au (hili ndilo langu) yupo ila jina lake limeandikwa vingine. Skrini ilionyesha neno lile lile kwa yote.

Basi tuje kwenye disketi yangu. Wengi wetu hapa Kenya tuliojifunza kazi miaka ya tisini tulipitia Clipper. Hii ilikuwa programu ya kampuni ya Nantucket iliyotoka 1985, ikachukua lugha ya dBASE na kuigeuza kuwa faili ya EXE ambayo mteja angeitumia bila kununua dBASE yenyewe. Toleo lililopendwa sana ni la Summer '87. Ndani yake mlikuwa na amri tamu, SET SOFTSEEK ON. Ukiiwasha, utafutaji ukishindwa hutupwi tena mwisho wa faili. Unawekwa kwenye jina linalofuata kialfabeti. Ukitafuta KAM unaonyeshwa wanaoanzia hapo kuendelea. Kwa kuonyesha orodha ilikuwa raha tupu, na wakati huo wateja waliona kama uchawi.

Mwaka 1998 nilikuwa natunza programu ya chama kimoja cha ushirika wa maziwa (sitakitaja, wala kosa halikuwa lao). Mzee aliyeiandika kabla yangu alikuwa mwangalifu. Kila mahali alipotafuta mwanachama aliandika: SEEK jina, kisha IF EOF() sema "HAYUPO", la sivyo ongeza kilo za leo. Ilifanya kazi miaka kadhaa bila lawama. Wakulima walikuwa na namba, lakini kadi zikilowa namba haisomeki, kwa hiyo makarani walitafuta kwa majina.

Mimi nikaja na ujana wangu. Nikatengeneza skrini mpya nzuri ya orodha, nikawasha SOFTSEEK, orodha ikapendeza, nikasifiwa na kununuliwa chai na mandazi. Nikasahau kuizima. Na amri za SET katika Clipper haziishii kwenye skrini ulipoziandika. Zinatawala programu nzima.

Unaona linalokuja? Jina likikosekana sasa, EOF() haikuwa kweli tena, maana tulikuwa tumesimama juu ya mtu mwingine. FOUND() ilikuwa inapiga kelele kwamba hatukupata, lakini hakuna aliyeiuliza. Programu ikaongeza kilo kwa aliyefuata na kumrudishia karani jina alilolichapa yeye mwenyewe, ili aone mambo yako sawa.

Kwa miezi miwili hakuna aliyejua. Kisha shosho mmoja akaja ofisini na kadi zake zimefungwa kwenye leso. Amepeleka maziwa kila asubuhi, mwezi wa kwanza kapata nusu, wa pili karibu hana kitu. Karani akamwambia, "Shosho, kompyuta inasema hukuleta." Nilikuwepo. Nilimwona anazifungua kadi moja moja na kuzipanga juu ya meza, akasema, "Kijana wangu, mimi kuhesabu najua." Zilijumlika vizuri kabisa. Niliyekuwa sijui kuhesabu ni mimi.

Ilinichukua siku nzima. Alikuwa ameandikishwa kwa jina la marehemu mumewe, Ng'ang'a. Karani wa zamani aliyeingiza daftari lote hakuwa na mazoea ya kuweka ile alama ya ng', kwa hiyo faili nzima ilikuwa na NGANGA, NGETHE na kadhalika. Karani mpya alikuwa amesoma vizuri, akaandika NG'ANG'A kama inavyopaswa. Lakini kwa kompyuta alama ile ni herufi namba 39, na A ni namba 65. NG'ANG'A inatangulia majina yote yanayoanza na NGA. Haipo kwenye faili, kwa hiyo SOFTSEEK inateremka hadi jina la kwanza inalolikuta, na la kwanza lilikuwa la Bwana Ngacha mmoja. Maziwa ya kila mwenye ng' aliyeandikwa sawasawa yalikuwa yakimiminika kwa bwana huyo, ambaye naye (tumhukumu kwa upole) alidhani ng'ombe wake wamebarikiwa.

Ng'ombe, naam. Sisi tunaoongea Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba alama hiyo si pambo.

Marekebisho ya programu yalikuwa mistari minne, kuondoa EOF() na kuweka FOUND(). Marekebisho ya pesa yalichukua wiki tatu, kadi kwa kadi, na nilikaa pale nikisoma huku karani akichapa. Nilipomweleza shosho kilichotokea alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo ni hako kadoti ndiko kamekunywa maziwa yangu?"

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma jinsi wengine walivyolishughulikia tatizo la majina, na nikagundua ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1918 Robert Russell alipata hataza ya Marekani kwa njia ya kupanga majina kwa sauti, mwanzo wa kile kiitwacho Soundex. Unabakiza herufi ya kwanza, unatupa irabu, na konsonanti zinazofanana kwa sauti unazipa tarakimu moja. Miaka ya thelathini serikali yao iliitumia kutengeneza kadi za sensa ya 1880, kwa sababu wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuthibitisha umri wa kupata malipo ya uzeeni. Ona kilichokuwa hatarini kule: ni yale yale ya shosho. Baadaye FoxPro na dBASE IV zilikuja na SOUNDEX() ndani yake.

Nikaijaribu kwa majina yetu. Mohamed, Mohammed na Muhammad zote zinakuwa M530, safi. Odhiambo na Odiambo ni O351, safi pia. Ng'ang'a na Nganga ni N252, nikashangilia! Kisha nikajaribu Njenga: N252. Njonjo: N252. Wanjiru na Wangari: W526 wote wawili. Na Rukia akiandikwa Lukia, kama inavyotokea sehemu nyingi, Soundex haimwoni kabisa kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi. Ilitengenezwa kwa majina ya Kizungu, huwezi kuilaumu. Kama ya kupendekeza inafaa. Kama ya kuamua, hapana.

Access, iliyotoka 1992 na ambayo wengi wenu mmeanzia hapo, ilikuwa na mitego yake. Baada ya FindFirst lazima uulize NoMatch. Usipouliza, hati haikuahidi uko kwenye rekodi gani. DLookup ikikosa inarudisha Null, ukiiweka kwenye kigeu cha maandishi programu inaanguka. Fomu isiyo na rekodi na isiyoruhusu kuongeza inabaki nyeupe, visanduku vyote vimetoweka, mteja anapiga simu kusema kompyuta imekufa. Na ukiunga sharti la utafutaji kwa alama za kunukuu moja moja, Ng'ang'a hapati hata "hayupo": anapata kosa la sintaksia. Iandike alama hiyo mara mbili, tafadhali.

Iliyonifurahisha kuliko zote ni CDS/ISIS ya UNESCO, iliyotolewa kwa kompyuta ndogo mwaka 1985 na kutumiwa na maktaba nyingi za Afrika. Ilikuwa na sura mbaya kama adhabu. Lakini ukitafuta maneno mawili kwa pamoja na kukosa, ilikuonyesha kila neno peke yake lina rekodi ngapi: hili 40, hili 0. Ulijua papo hapo neno lililokuangusha. Tena ungeweza kufungua orodha ya maneno yote yaliyomo, ukaona jirani zake.

Hivyo ndivyo nilivyoijenga upya skrini ya wale wa maziwa. Jina likikosekana karani alionyeshwa "HAYUPO", chini yake majina matano ya karibu na namba za uanachama, na kilo hazikuingia popote hadi achague mwenyewe kwa mkono. Walilalamika kwamba inachelewesha foleni ya asubuhi. Ni kweli ilichelewesha.

Faili ya wanachama iliyokuwa kwenye disketi nimeifuta, majina yale si yangu. Za .PRG nimezibakiza. Nimezihesabu EOF() zilizokuwa zinatumika mahali pa FOUND(): kumi na moja. Nilirekebisha nne.

Saba zilizobaki, sijui kwa nini hazikunitafuta.