Malori, barabara na majeruhi katika Sharqiyah na Dakhiliyah

Katika barabara zinazoziunganisha Ibra, Sur na Nizwa na sehemu nyingine za Oman, ajali nyingi ni za magari madogo, kwa kuwa ndiyo yaliyo mengi. Malori ni sehemu ndogo tu ya magari yote yanayopita huko. Hata hivyo pale lori linapohusika, uwezekano wa mtu kufa au kubaki kilema huwa mkubwa zaidi, na aghalabu anayekufa si yule aliyemo ndani ya lori.

Hesabu yake ni nyepesi. Trela lenye tani 40 likigongana uso kwa uso na gari dogo la tani moja na nusu, kila moja likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori litapungukiwa na mwendo usiofika hata kilomita 6 kwa saa. Gari dogo, katika muda wa kupepesa jicho, litasimamishwa na kurudishwa nyuma, mabadiliko ya mwendo ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Mwili wa binadamu haukuumbwa kustahimili hayo, wala mkanda wa kiti haukutengenezwa kwa ajili hiyo.

Kutoka kilomita 10 za lami

Waomani waliorejea kutoka Zanzibar na bara la Afrika Mashariki baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na wale waliofuata baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, waliikuta nchi yenye takriban kilomita 10 tu za lami. Kutoka Ibra au Nizwa mpaka pwani ilikuwa ni safari ya siku kadhaa kwa ngamia au punda. Katika umri wa kizazi kimoja barabara zilifika kila wilaya, na fedha za mafuta zikaleta magari kwa kasi kuliko nchi ilivyoweza kuyazoea.

Kilele cha maafa kilifika mwaka 2012, pale Polisi ya Kifalme ya Oman ilipohesabu vifo 1,139 vya barabarani katika nchi yenye watu chini ya milioni nne. Tangu hapo idadi ilishuka: vifo 637 mwaka 2018, na 371 mwaka 2020, mwaka ambao janga la corona liliwafungia watu majumbani. Baadaye ikapanda tena hadi 595 mwaka 2023, na mwaka 2024 ilikuwa 586.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi mlinganisho unaweza kushangaza. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2016 yaliiweka Oman kwenye vifo 16 kwa kila watu laki moja, Kenya karibu 28 na Tanzania 29. Uingereza ilikuwa na vitatu. Oman kwa hiyo si nchi mbaya zaidi. Ila ni nchi tajiri kiasi, yenye lami nzuri na magari mapya, na kwa hali hiyo ilitarajiwa ifanye vizuri zaidi. Serikali yake yenyewe ililitambua hilo mapema, kwani mwaka 2003 ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele kulifikisha suala la usalama wa barabarani mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa.

Barabara zenyewe

Takwimu za taifa zinaficha jiografia. Anayetoka Muscat kwenda bara hupitia Bidbid, na hapo njia hugawanyika. Mkono mmoja unaelekea Nizwa, kisha Adam, mji alikotoka Imam Ahmed bin Said, muasisi wa ukoo wa Al Busaid ambao baadaye ulitawala Zanzibar. Kutoka Adam barabara inaingia jangwani, inapita Haima na kuishia Salalah; kutoka Nizwa ni zaidi ya kilomita 850. Humo hupita malori ya visima vya mafuta, ya bandari ya Salalah, ya mabomba, ya saruji na ya vyakula. Na humo humo, kuanzia mwezi Julai hadi Septemba, hupita maelfu ya familia zinazofuata mvua na ubaridi wa Dhofar katika msimu wa Kharif, baba akiwa usukani tangu alfajiri na watoto wamelala nyuma. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa barabara moja, magari yaendayo na yajayo yakipishana bila kizuizi katikati. Kazi ya kuitanua imekwenda kwa vipande.

Mkono wa pili unakwenda Ibra na Sur. Barabara ya zamani ilipenya kwenye milima kupitia bonde la Wadi al-Aqq, kwa kona na miteremko ambamo malori yaliyolemewa yaliburura foleni ndefu ya magari madogo yenye haraka. Njia mpya ya Sharqiyah, iliyojengwa katika miaka ya 2010 kwa njia mbili zilizotenganishwa pamoja na mahandaki, imeiondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Haikuiondoa yote. Kutoka Sinaw, iliyomo Sharqiyah ya Kaskazini, barabara nyingine inateremka Mahut hadi Duqm, ambako serikali imejenga bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta, na mizigo ya Duqm pamoja na samaki wa pwani hiyo inawafuata watu wa Sinaw mpaka milangoni mwao.

Chanzo kinachoandikwa na kisichoandikwa

Katika ripoti za polisi, mwendo wa kasi ndio unaotajwa kwanza kila mwaka. Hapana shaka kwamba kasi huua. Lakini neno hilo linafunika mengi. Dereva anayekwenda kilomita 120 kwenye njia iliyotenganishwa na yule anayekwenda kilomita 120 ili alipite trela kwenye barabara moja wameandikiwa sababu ile ile, ilhali hatari zao hazilingani. Kulipita lori moja liendalo kilomita 80, gari la kilomita 120 linahitaji kiasi cha sekunde tisa, na katika sekunde hizo linakula mita 300. Gari linalokuja mbele kwa mwendo huo huo linakula mita 300 nyingine. Dereva anatakiwa aione barabara tupu kwa zaidi ya nusu kilomita, na malori yakifuatana matatu anatakiwa aione mbali zaidi. Jangwani, penye mangati na vumbi, kipimo hicho hukosewa kwa urahisi, na katika ajali za aina hii mwenye kosa mara nyingi ni mwenye gari dogo.

Uchovu nao hauonekani kwenye takwimu kwa sababu iliyo wazi: aliyelala usukani akafa hana wa kumsemea, na aliyenusurika hakiri. Madereva wengi wa malori ni wageni kutoka Pakistan, India na Bangladesh, pamoja na Waomani. Pale ambapo dereva hulipwa kwa idadi ya safari, kila saa ya usingizi ni fedha inayopotea. Makampuni makubwa ya mafuta, ikiwemo Petroleum Development Oman, yameweka mipango ya safari na vyombo vya kurekodi mwendo ndani ya magari ya wakandarasi. Mwenye lori moja au mawili ya kokoto hana utaratibu kama huo.

Kuna tairi pia. Wakati wa kiangazi joto la hewa katika bara la Oman hupita nyuzi 45 na lami huwa na moto zaidi. Tairi kuukuu, lenye upepo pungufu na mzigo uliozidi, hupasuka, na likiwa la mbele lori huvuka upande wa pili. Kadhalika lori lililoharibika likaachwa kandoni usiku bila taa wala alama ni mtego unaosubiri.

Baadhi ya hatua zimechukuliwa. Malori hukatazwa kupita kwa saa fulani kwenye njia ya Muscat hadi Bidbid, hasa Alkhamisi jioni watu wanaporudi makwao bara. Lakini Aprili 2024 lori moja lilikwenda kinyume cha njia huko Liwa, katika mkoa wa Batinah, likayagonga magari 11 na kuua watu watatu. Na Machi mosi 2016 watu 18 waliuawa kwenye barabara ya Ibri na Fahud, basi la abiria lilipogongana na lori na gari dogo.

Majeraha

Gari dogo likiingia chini ya trela kwa nyuma, boneti hupita bila kugusa kitu na pigo la kwanza hufika kwenye kioo, usawa wa vichwa. Mkanda na mifuko ya hewa havisaidii sana. Hapo ndipo madaktari wanapokuta mafuvu yaliyovunjika na shingo zilizoteguka. Katika kugongana uso kwa uso huumia kifua, ini, bandama, nyonga na mapaja. Dereva wa lori naye, lori likipinduka, hubanwa miguu au hutupwa nje kwa kuwa hakujifunga mkanda. Maboza ya mafuta huongeza moto.

Sharqiyah ina balaa lake la ziada, ngamia. Gari dogo humkata miguu, kisha mwili wa mamia ya kilo huangukia kioo na paa, na uti wa shingo huvunjika. Dereva wa lori aliye juu huenda asipate hata mkwaruzo, ila akimkwepa ghafla trela hulala.

Hospitali za Nizwa, Ibra na Sur hupokea majeruhi na kuwatuliza. Wenye majeraha mazito ya ubongo, uti wa mgongo au moto hupelekwa Hospitali ya Khoula, Muscat, kilomita 160 hadi 200 kutoka miji hiyo, na kutoka Haima ni mbali zaidi ya mara mbili. Huduma ya magari ya wagonjwa ya polisi ilianza mwaka 2004 na sasa iko chini ya mamlaka ya uokozi. Namba ni 9999. Jangwani, hata hivyo, wa kwanza kufika ni wapita njia, na nia yao njema huweza kudhuru: majeruhi aliyevunjika uti, akivutwa mikono na kulazwa nyuma ya pikapu, huenda akapooza kwa kuvutwa huko huko. Asipokuwa katika hatari ya moto au ya kugongwa tena, ni bora aachwe alipo, kichwa kishikwe kisitikisike, na damu izuiwe.

Diya ya aliyeuawa iliongezwa mwaka 2008 kutoka riyali 5,000 hadi 15,000, na kwa kawaida hulipwa na bima. Kwa aliyebaki hai bila mikono wala miguu kufanya kazi, fidia hupimwa kwa viungo vilivyopotea, huku familia zikiuza ardhi kumpeleka India au Thailand, kisha zikarudi naye Ibra kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda.