Jalada Lililo Kimya: Vyanzo vya Historia ya Dhuluma ya Kingono ya Wenye Mamlaka katika Ufipa

Mtafiti anayekusudia kuandika historia ya walimu, waganga, viongozi wa dini na watumishi wengine waliotumia vyeo vyao kuwadhulumu kingono watu waliowategemea hukwama kwanza katika msamiati. Akitafuta "rushwa ya ngono" katika majalada ya zamani hataipata, kwani msemo huo ni wa juzi. Hulazimika kusoma maneno mapana kama "utovu wa nidhamu", au taarifa fupi ya uhamisho isiyotaja sababu.

Sheria ilianza kulipa jambo hili majina hatua kwa hatua. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ilipoifanyia marekebisho Kanuni ya Adhabu, iliwataja bayana miongoni mwa wabakaji watumishi wa mahabusu na wa hospitali, waganga wa jadi na viongozi wa dini wanaotumia vibaya nafasi zao. Mwalimu hakutajwa kwa jina. Humezwa na maneno ya jumla kuhusu mtu mwenye mamlaka. Sheria hiyohiyo iliutambua unyanyasaji wa kingono kuwa kosa, lakini ikaweka siku 60 za kulalamika. Kwa mwanahistoria, kikomo hiki si jambo dogo: aliyekaa kimya miezi mitatu kwa hofu hakuacha jalada lolote. Mwaka 2007, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa kikamlenga mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki, kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kumbukumbu za shule zina upotofu mbaya zaidi. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa hivyo kwa kawaida, hadi waraka wa mwaka 2021 ulipofungua mlango wa kurejea. Kwa hiyo daftari humwandika msichana kama mkosaji. Mwanamume, awe mwalimu au la, hana safu katika daftari hilo. Anayehesabu tu yaliyoandikwa ataishia kuandika historia ya wasichana watovu.

Tuje Mwimbi, katika Wilaya ya Kalambo, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Sumbawanga. Kibali cha utafiti hushuka kutoka mkoani Sumbawanga hadi wilayani Matai, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu. Mtafiti humfikia mtoa taarifa akiwa ametambulishwa na watu walewale, au wenzao, ambao huenda ndio wanaolalamikiwa. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kuu la mbinu katika mada hii, na sura za methodolojia hulipita kwa sentensi moja. Kuficha majina nako hakutoshi. Katika kata yenye walimu wachache, kuandika "mwalimu wa kike wa hisabati" ni sawa na kumtaja.

Masimulizi yamewahi kuzaa matunda Ufipa. Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu familia za Wafipa na Ukatoliki huko Nkansi, aliyasoma maandishi ya Wamisionari wa Afrika sambamba na simulizi za wazee. Shajara za misheni, hata hivyo, ziliandikwa na wenye mamlaka. Zinafaa zaidi kwa kuonyesha nani aliamua nini kiandikwe.

Ushahidi wa karibuni umejaa vyuoni. Novemba 2018, mhadhiri Vicensia Shule aliandika hadharani mtandaoni kuhusu rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye TAKUKURU ikafanya utafiti katika chuo hicho na kile cha Dodoma. Shule za kata za Kalambo hazina sauti ya namna hiyo. Kisha, mwaka 2024, muswada wa marekebisho ulipendekeza kwamba anayetoa ngono naye ashtakiwe, pendekezo lililopingwa vikali na watetezi wa haki za wanawake. Chini ya kifungu cha aina hiyo, mwanamke wa Mwimbi anayemsimulia mtafiti yaliyompata angekuwa anakiri kosa, na daftari la mahojiano lingegeuka kielelezo cha mashtaka dhidi yake.