Kumbukumbu za Ziwa Naivasha

Ewe msomaji, wazee wakikuambia kuwa ukame wa utotoni mwao haukuwa na mfano, usiwabishie. Lakini ujue kwamba umri wa mtu ni mfupi. Vipima mvua navyo havikuenea katika nchi ya Kenya ila tangu mwishoni mwa karne ya 19. Basi habari za miaka ya kabla yake tutazipata wapi?

Zimo matopeni. Kila mwaka udongo na mabaki ya viumbe huzama chini ya Ziwa Naivasha, haba na haba, tabaka juu ya tabaka. Ziwa lipungukapo, maji huzidi chumvi, na vijimea na vidudu vinavyostahimili chumvi huongezeka. Mvua ikirudi, navyo huvipisha vile vya maji baridi. Mwaka 2000, mtaalamu Dirk Verschuren na wenzake walitangaza habari za miaka 1,100 walizozisoma katika matope hayo. Waliona vipindi vitatu vya ukame mrefu: yapata 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840, vyote vikali kuliko ukame wowote uliopimwa katika karne ya 20.

Yafikiri hayo. Mtoto aliyezaliwa 1760 angaliweza kuishi miaka 80 katika ukame usiokwisha. Hakuna kipima mvua chetu kilichopata kuona jambo kama hilo. Basi anayejenga au kulima kando ya ziwa kwa kutegemea madaftari ya mvua peke yake, apima bahari kwa kibaba.