Gitaa la Kinasa Kimoja

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kiungo kidogo ambacho kikiondolewa, gitaa zima hubaki ubao tu. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo kuna waya wa shaba, mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Wapiga gitaa hukiita pikapu, na wao kwa wao wanaelewana. Lakini kwa Mswahili pikapu ni gari la mizigo, na anayeandika kitabu cha ufundi au kufundisha muziki anahitaji neno ambalo halitamlazimu kufafanua kila mara. Napendekeza kinasa, kwa ukamilifu wake, kinasa mtetemo.

Kwa nini si kinasa sauti? Kwanza, jina hilo lina mwenyewe: ni chombo cha kurekodia. Pili, na hili ndilo kubwa, kiungo hiki hakinasi sauti. Sumaku yake huzitia nyuzi za chuma usumaku kidogo. Uzi ukipigwa, unautikisa uga wa sumaku unaopita katika koili, na uga unaobadilikabadilika huzalisha umeme ndani ya waya, kwa kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Ukitaka kuhakikisha, funga nyuzi za nailoni kwenye gitaa la umeme la kawaida, washa amplifaya, ucharaze upendavyo. Utazisikia nyuzi kwa mbali, pale mkononi, ila spika itakaa kimya. Sauti imo chumbani, lakini kinasa hakina habari nayo, kwa kuwa nailoni haina la kuiambia sumaku.

Wapo wanaopendelea kihisi. Si neno baya, ila limeshabeba mengi: kihisi cha joto, cha moshi, cha mwanga. Kitenzi kunasa kina jambo ambalo kuhisi hakina. Mtego hunasa kinachopita hapo ulipotegwa, si penginepo, na kwa gitaa hilo ndilo jambo la kwanza kulielewa.

Uzi mmoja hautikisiki kwa namna moja. Unatikisika wote mzima, na papo hapo unatikisika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Kila mgawanyo una sehemu zinazocheza sana na nukta zilizotulia. Kinasa kikikaa chini ya nukta iliyotulia, mgawanyo ule hakiupati kabisa. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapokazwa, mtikisiko wote ni mdogo, kwa hiyo migawanyo midogomidogo ndiyo inayojitokeza, na sauti inakuwa kali, yenye makali ya chuma. Karibu na shingo uzi unacheza kwa upana, na sauti inakuwa nene na ya mviringo. Kiswahili kinatupa kiambishi -ni kwa kazi hii bila gharama yoyote: kinasa cha darajani, kinasa cha shingoni. Gitaa lenye vinasa viwili au vitatu humpa mpigaji swichi ya kuchagua. Lenye kinasa kimoja limeshachaguliwa kiwandani.

Na gitaa la umeme lilianza hivyo. Lile la alumini alilolibuni George Beauchamp huko Los Angeles mwaka 1931, likaanza kuuzwa na kampuni ya Rickenbacker mwaka uliofuata, lilipigwa likiwa limelazwa mapajani na lilikuwa na kinasa kimoja. Gibson ES-150 ya mwaka 1936 ilikuwa na kimoja pia, cha shingoni. Mpiga gitaa Charlie Christian aliishika hiyo alipojiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, na gitaa, ambalo kabla ya hapo katika bendi kubwa lilikuwa hasa la kusindikiza, likaanza kupiga solo bega kwa bega na saksafoni. Ule unene wa sauti yake umetoka shingoni.

Hapa pana mtego wa istilahi unaowanasa hata wazoefu. Kuna gitaa la kinasa kimoja, na kuna kinasa cha koili moja. Ni mambo mawili. Koili moja hunasa mtetemo wa nyuzi, na pamoja nao hunasa mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao Marekani ni wa hezi 60 na kwetu Afrika Mashariki hezi 50. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza mwaka 1955 ya kinasa chenye koili mbili, moja ikizungushwa kinyume cha nyingine na ncha zake za sumaku zikielekezwa kinyume. Mvumo unajifuta, mtetemo wa nyuzi unajumlika. Sasa angalia Stratocaster ya kawaida: ina vinasa vitatu, kila kimoja cha koili moja. Na gitaa ambalo Eddie Van Halen aliliunga mwenyewe akarekodia albamu ya mwaka 1978 lilitegemea kinasa kimoja tu, cha darajani, cha koili mbili. Upatanisho wa sarufi unatuokoa hapa, mradi tusiukate: kimoja ni cha kinasa, moja ni ya koili. Anayesema kwa mkato “gitaa la moja” amezichanganya tena.

Wengi hudhani kinasa kimoja ni dalili ya uchache wa fedha. Kwa Les Paul Junior ya mwaka 1954 kuna ukweli ndani yake, maana Gibson waliitengeneza kwa ajili ya wanafunzi: bamba la mkangazi, kinasa kimoja darajani, kitufe kimoja cha ukubwa wa sauti na kingine cha kupunguza ukali. Lakini Leslie West wa kundi la Mountain alikuwa na uwezo wa kushika gitaa lolote, na akaishika hiyo. Kinasa kimoja kina faida zake: sumaku za kinasa cha shingoni huzivuta nyuzi kidogo. Zisipokuwepo, uzi unacheza huru zaidi. Tena mkono ndio unaogeuka swichi: ukicharaza karibu na shingo sauti inalainika, ukirudi darajani inachongoka, ukipunguza kitufe cha sauti amplifaya inaacha kukoroma.

Fender Esquire ya mwaka 1950 ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika mjadala huu. Ina kinasa kimoja, cha darajani, cha koili moja, na bado ina swichi ya hatua tatu. Hatua ya nyuma hupeleka umeme moja kwa moja bila kupitia kitufe cha ukali. Ya katikati hupitia kitufe hicho. Ya mbele hupitia kapasita inayomeza makali yote, hata besi ikatawala. Jeff Beck, aliyeingia kundi la Yardbirds mwaka 1965, alipiga Esquire akiwa na kundi hilo. Kwa hiyo fasili ya kamusi isiseme kwamba swichi ya gitaa ni ya kuchagulia vinasa. Iseme ni ya kuchagulia njia ya umeme, na Esquire itaingia humo bila kuhitaji maelezo ya pembeni.