Udongo, mafuta na vipele vya uso

Wandugu, nilipoanza masomo ya kilimo, uso wangu ulikuwa umejaa vipele. Rafiki mmoja akanielekeza kwa muuzaji wa dawa sokoni. Njo nikajua "tetra", ile kapsuli nyekundu na manjano yenye wengi wetu hapa Malemba-Nkulu tunaijua. Nilimeza siku tatu, vipele vikapungua, nikaacha. Vikarudi, nikanunua tena. Nilifanya vile karibu mwaka mzima, mpaka tetra haikunisaidia tena kitu.

Kumbe historia ya dawa ile ilianzia shambani! Mwaka 1945, udongo wa Sanborn Field, shamba la majaribio la chuo kikuu cha Missouri huko Marekani, ulimfikia Benjamin Duggar. Alikuwa mtaalamu wa mimea, tena mzee wa miaka zaidi ya 70. Ndani ya udongo ule alipata kijidudu cha rangi ya dhahabu chenye kinazuia mikrobe zingine. Mwaka 1948 akatangaza dawa yake, Aureomycin, ya kwanza katika jamaa ya tetrasiklini. Mimi mwana-kilimo nilikuwa nameza zao la shamba bila kujua!

Historia ya pili ni ya mafuta. Mwaka 1929, George na Mildred Burr, wa chuo kikuu cha Minnesota, walilisha panya chakula chenye hakina mafuta hata kidogo. Ngozi ikakauka na kutoka magamba, mikia ikaharibika, panya wakafa mapema. Baadaye walipowapa asidi linoleiki kidogo, panya wakapona. Ni kusema kuna asidi za mafuta zenye mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke katika chakula.

Tangu miaka ya 1950, waganga walitumia tetrasiklini kwa vipele. Mikrobe ya vipele inaishi ndani ya vitundu vya ngozi na kula mafuta yake. Dawa inaipunguza na kutuliza uvimbe. Lakini mwisho wa miaka ya 1970 watafiti waliona mikrobe zenye zinahimili antibiotiki. Sisi wa kilimo tunaelewa haraka: ukipulizia wadudu dawa nusunusu, wenye wanabaki njo wanazaa.

Hapo mafuta yakarudi. Mwaka 2014, watafiti wa Korea walifuata wagonjwa 45 kwa wiki 10. Wenye walipewa omega-3, au asidi ya gama-linoleniki, vipele vyao vilipungua. Watu 45 ni wachache, basi mafuta yanabaki kisaidizi, hayachukui nafasi ya dawa. Na antibiotiki yenyewe, waganga wanashauri isipite karibu miezi mitatu, tena iende pamoja na benzoili peroksidi ya kupakaa.

Sasa tuangalie sahani yetu. Mafuta ya ngazi ni mazuri, ila omega-3 karibu hayana. Samaki wa Lualaba wako nayo. Sisemi samaki wataponya vipele, ila ukila hautapoteza kitu.

Mimi niliishia kwa munganga. Swali langu la kwanza lilikuwa: "Nitakunywa siku ngapi, na nitaacha lini?" Sokoni sikuwahi kuuliza vile. Na madada zetu wenye mimba, tetra wasiiguse kabisa: inaharibu meno ya mtoto mbele hata hayajatoka.

Ni nani mwingine aliimeza kama mimi? Tuongee bila haya.